Fuawe Iliyokaribia Kuuzwa kwa Kilo

(Maneno yaliyotolewa na ofisi ya miradi ya dayosisi mbele ya kamati za maendeleo za sharika, Dodoma)

 

Tumeombwa kuzungumzia karakana ya vijana. Taarifa ya fedha na idadi ya wanafunzi mmekwisha kugawiwa kwenye karatasi, kwa hiyo hatutaisoma tena. Tunaomba dakika hizi tuzungumzie chuma kimoja, kwa sababu tulikaribia kukiuza, na kosa lilikuwa letu.

Kilikuwa nyuma ya stoo ya usharika mmoja wilayani Chamwino, nusu kimezama ardhini. Kuku walilala juu yake, na watu walikikalia wakisubiri ibada ianze. Kamati iliazimia kiuzwe kwa mnunuzi wa chuma chakavu pamoja na fremu za vitanda na rimu za baiskeli, ipatikane fedha ya mabati mawili au matatu. Ofisi yetu iliunga mkono. Na wakati huohuo, tunalisema kwa aibu, mezani kwetu kulikuwa na andiko la mradi lililoomba fedha za kununua fuawe mpya.

Fuawe ni lile pande ambalo mhunzi huweka chuma cha moto juu yake na kukifua. Wahunzi wengi vijijini hutumia jiwe au kipande cha reli. Reli inafaa, hasa ikisimamishwa wima ili uzito wote uwe chini ya nyundo. Lakini kamati isipokee kipande ambacho asili yake haijulikani. Reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, inapita hapahapa mjini kwetu. Kung'oa vyuma vyake ni kosa la jinai, na ni hatari kwa abiria, ambao wengine ni sisi wenyewe.

Siku mnunuzi alipokuja na mzani, mzee mmoja mhunzi alikuwa pale kwa shughuli zake. Alikigonga kile chuma kwa nyundo ndogo, kikalia kama kengele. Akamwambia mwenzetu wa ofisi, "Mwanangu, hiki msikiuze."

Tukakisafisha kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, tukapaka chaki ubavuni na kumulika tochi kutoka pembeni. Zikaonekana herufi za jina Peter Wright, mtengenezaji wa fuawe wa mji wa Dudley, Uingereza, na chini yake tarakimu tatu: 1, 1 na 14. Tulidhani ni tarehe. Kumbe ni uzito kwa vipimo vya zamani vya Kiingereza. Tarakimu ya kwanza huhesabiwa kwa ratili 112, ya pili kwa ratili 28, ya tatu ni ratili zenyewe. Jumla ni ratili 154, karibu kilo 70. Mzani wa mnunuzi ulikuwa umesoma kilo 69.

Jina peke yake halitoshi. Mzee alichukua goroli ya chuma kutoka kwenye beringi ya gari, akaiachia kutoka urefu wa sentimeta 30 juu ya uso wa fuawe. Ikaruka na kurudi hadi karibu sentimeta 24. Hapo ndipo alipotuonyesha kwamba mwili ni chuma laini, lakini uso ni bamba la chuma cha pua lililoungwa juu yake na kufanywa gumu. Goroli ikiruka kidogo tu, uso ni laini, au fuawe iliwahi kuungua ikapoteza ugumu. Sauti nayo isiwahukumie peke yake. Fuawe za Fisher za Marekani zina mwili wa chuma cha kusubu, hazilii, na ni nzuri sana.

Kosa la pili tulilifanya baada ya hapo. Uso ulikuwa na mashimo ya kutu na kingo zilizomeguka, na fundi wetu mmoja akataka uwe kama kioo. Akaanza kuusaga kwa grenda. Mzee alipofika, upande mmoja ulikuwa umekwisha kupungua. Bamba lile si nene, na kila linaposagwa hupotea kitu ambacho hakirudi. Kuchomelea kingo bila ujuzi ni kubaya zaidi, kwa maana joto huondoa ugumu. Upande ule hadi leo tunautumia kwa kazi nyepesi.

Tuliifunga juu ya gogo la mkwaju lililosimamishwa juu ya mawe na kupakwa oili chafu, maana mchwa wa Dodoma hawana subira. Kimo chake ni pale ngumi ya mfuaji inapofika akisimama na mkono umening'inia. Ikiwa chini zaidi, mgongo unaumia. Ikiwa juu, nyundo haina nguvu. Tundu la mraba hushika patasi ya kukatia, lile la mviringo hutumika kutobolea, na pembe hukunjia pete na ndoano.

Kabla ya mvua za msimu uliopita vijana walinyoosha ncha za plau zilizolika na kufua mashoka kutokana na springi za malori. Wakulima wa mtama na alizeti waliokuwa wakibeba plau hadi mjini sasa wanakuja pale kwa miguu. Mkaa bado ni ghali na mivukuto inavuja; hayo yamo kwenye taarifa. Fedha ya fuawe mpya, kwa idhini ya mfadhili, ilinunua koleo, nyundo na miwani ya kinga.

Tunaomba kila kamati ikague stoo yake kabla ya mnada wa chuma chakavu. Mkiona pande zito lenye pembe, andikeni tarakimu zilizo ubavuni mtuletee ofisini. Grenda iacheni kabatini.