Abiria wa Meli na Askari wa Nchi Kavu



Uganda haina pwani ya bahari. Kutoka bandari ya Mombasa hadi Kampala ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Kwa sababu hiyo askari wengi hudhani kwamba kanuni zinazowahusu abiria wa meli za watalii ni kazi ya wenzao wa Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar peke yao. Dhana hiyo haina msingi. Mtalii anayeshuka melini Mombasa akiwa na nia ya kwenda kuwatazama gorila wa Bwindi hufika Uganda kwa ndege, au huja kwa barabara kupitia Malaba au Busia. Akija kwa barabara, ataipita Jinja, kisha Kireka na Banda, na chini ya kilima cha Kyambogo ndipo ataingia jijini. Yawezekana kabisa kwamba mtu wa mwisho kuikagua hati yake si afisa wa bandari, bali ni askari wa zamu kwenye kizuizi cha Barabara ya Jinja. Hapana budi askari huyo ajue anachokikagua.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kawaida ya melini si kawaida ya nchi kavu. Meli ya watalii inapotia nanga, nahodha au wakala wake huwakabidhi wenye mamlaka orodha ya abiria na orodha ya mabaharia. Utaratibu huo umewekwa na Mkataba wa Kurahisisha Usafiri wa Baharini, uliopitishwa mjini London mwaka 1965. Abiria anayeshuka asubuhi kuutembelea mji na kurudi melini jioni huhesabiwa kuwa yu chini ya dhamana ya meli. Mara nyingi pasipoti yake hubaki kwa wakuu wa meli, naye hutembea na kadi ya meli tu. Askari wa Mombasa akimkuta mgeni wa namna hiyo sokoni hana sababu ya kushangaa.

Lakini mgeni huyo akiiacha meli na kushika safari ya bara, dhamana ya nahodha imekwisha. Kuanzia hapo yeye ni msafiri kama wengine. Kadi ya meli haina nguvu Malaba, wala haina nguvu Kyambogo.

Wako watakaouliza orodha ya majina ina faida gani kwa usalama wa watu. Jibu limo katika Ziwa Viktoria. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ya Tanzania ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa wameandikwa katika orodha, na kwa hiyo hesabu kamili ya waliokufa haikupata kujulikana kwa hakika. Jina lisiloandikwa ni mtu asiyeweza kutafutwa. Hasara ya namna hiyo haifidiki.

Upande wa pili wa jambo hili ulionekana Oktoba 1985. Watu wenye silaha waliiteka meli ya watalii ya Italia iitwayo Achille Lauro karibu na pwani ya Misri, na abiria mmoja, raia wa Marekani, akauawa. Watekaji hao hawakuivamia meli kutoka nje. Waliipanda huko Genoa kama abiria wa kawaida, wakiwa na hati za bandia. Karatasi zao zilikaguliwa, lakini wenyewe hawakutambuliwa. Kukagua hati, basi, si kuhesabu mihuri. Ni kulinganisha picha na uso, tarehe na safari, na maneno ya msafiri na njia aliyopitia.

Kampala nayo imelipa gharama yake. Tarehe 11 Julai 2010 mabomu yalilipuka katika mkahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala, na katika uwanja wa raga wa Kyadondo huko Lugogo, ulio kando ya Barabara hiyo hiyo ya Jinja, mwendo mfupi kutoka Kyambogo. Watu zaidi ya 70 waliuawa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliwatia hatiani watu kwa makosa hayo, nao walikuwa raia wa Uganda, Kenya na Tanzania. Hakuna miongoni mwao aliyekuwa mtalii kutoka ng'ambo. Somo lake ni zito: anayemtilia shaka mgeni kwa rangi ya ngozi au kwa lafudhi, na kumwachia mwingine apite kwa kuwa amesalimia kwa lugha ya nyumbani, hafanyi kazi ya ulinzi. Anabahatisha.

Sasa yafaa kutaja mambo ambayo mgeni anatakiwa kuwa nayo. Pasipoti yake iwe bado ina uhai wa miezi sita. Awe na viza, isipokuwa kama nchi yake imesamehewa, kama ilivyo kwa raia wa Kenya na Tanzania. Tangu mwaka 2016 maombi ya viza ya Uganda hupokelewa kwa njia ya intaneti, na viza ya kawaida ya utalii ni dola 50 za Marekani. Tena ipo viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 2014. Bei yake ni dola 100, na humruhusu mtalii kuingia na kutoka Uganda, Kenya na Rwanda kwa siku 90. Mwenye viza hiyo hutakiwa aingie kwanza katika nchi iliyoitoa.

Hapa ndipo abiria wengi wa meli hujikwaa. Tanzania haimo katika viza hiyo ya pamoja. Mtalii aliyeanzia Mombasa, meli yake ikamshusha Zanzibar, ametoka nje ya nchi tatu zinazohusika, na viza yake imekoma hata kama siku 90 hazijatimia. Akifika Malaba akiwa na karatasi iliyokoma, mara nyingi si mhalifu. Ni mtu asiyeelezwa. Askari amwelekeze kwa afisa uhamiaji, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya kuamua.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho huleta ubishi usio na sababu. Zamani kilidumu miaka 10. Tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, cheti hicho hudumu maisha yote ya mwenye nacho, hata kama kilitolewa kabla ya hapo. Kinachopaswa kutazamwa ni kwamba siku 10 zimepita tangu sindano ya kwanza. Anayemkatalia mgeni kwa sababu kadi yake ni ya miaka 12 anatumia kanuni iliyokufa.

Na kanuni iliyokufa, au iliyobuniwa papo hapo barabarani, ndiyo mlango wa rushwa. Mgeni akiambiwa kwamba karatasi yake ina kasoro, na papo hapo akaambiwa kwamba kasoro hiyo yaweza kumalizwa kwa noti iliyokunjwa, nchi imepata hasara mbili. Ya kwanza ni sifa yake, ambayo mgeni ataitangaza kwa kila abiria mwenzake melini. Ya pili ni kubwa zaidi: mlango uliofunguliwa kwa noti ya mtalii utafunguliwa pia kwa noti ya mwenye bomu. Mlinzi aliyezoea kuuza njia hachagui tena mnunuzi.

Wajibu wa askari, ndugu wasikilizaji, si mgumu kuueleza. Asome hati, amtazame mwenyewe, aulize atokako na aendako. Penye shaka ya kweli amwite afisa uhamiaji, wala asiishike pasipoti ya mtu kama rehani. Pasipo shaka, airudishe kwa mkono na kumtakia mgeni safari njema. Raia wa Uganda wanaolala usiku juu ya kilima cha Kyambogo hawaijui sura ya askari aliye zamu barabarani chini yao. Wanalala kwa kuamini kwamba anaijua kazi yake, na kwamba hainunuliki.