Tukiulizwa, Tuseme Kweli

Somo: Matendo ya Mitume 27:9-44

 

Katika parokia moja tuliyoihudumia walikuwako mzee mmoja na mkewe ambao walikuwa wakikaribia kutimiza miaka 50 ya ndoa. Watoto wao wawili walikuwa wakifanya kazi Uingereza. Wakaonelea kuwapa wazazi wao zawadi ambayo wengi wetu hatujaiota hata usingizini: safari ya siku saba katika meli ya kitalii. Meli hiyo ingeng'oa nanga Piraeus, bandari ya Athene, ipite Patmo, kisiwa alikokuwa Mtakatifu Yohana, kisha ifike pwani ya Uturuki karibu na magofu ya Efeso. Kanisa zima lilifurahi. Watoto wakalipa arabuni ya chumba melini, na tarehe ya kumaliza malipo ikaandikwa.

Ndipo ikaja fomu ya bima ya safari.

Labda msikilizaji utauliza, bima ya nini kwa watu wanaokwenda kupumzika? Ziko sababu. Kwanza, Mkenya anayeomba viza ya kuingia Ugiriki na nchi nyingine za Ulaya zilizo katika mapatano yale yaitwayo Schengen hutakiwa kuonyesha bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, ya kumtibu akiugua, na ya kumrudisha nyumbani akiwa mgonjwa au akiwa maiti. Pili, meli kubwa huwa na daktari na kliniki, lakini matibabu hayo si ya bure. Gharama huandikwa katika hesabu ya msafiri naye huilipa. Mtu akishikwa na moyo usiku wa manane katikati ya bahari, kliniki ile ndogo haiwezi kuwa hospitali kuu. Itambidi ateremshwe katika bandari iliyo karibu, au achukuliwe kwa helikopta. Gharama yake yaweza kumeza shamba na ng'ombe pamoja. Tatu, ukiugua kabla ya safari ukaivunja, fedha zinazorudishwa hupungua kadiri siku ya kuondoka inavyokaribia, hata mwishoni usirudishiwe chochote.

Tena magonjwa ya melini si hadithi. Watu wengi wakila pamoja na kushika vishikio vilevile vya ngazi, ugonjwa wa kuhara na kutapika huenea upesi. Mnamo Februari 2020 meli iitwayo Diamond Princess ilizuiliwa katika bandari ya Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Zaidi ya 700 kati yao walipatikana na ugonjwa wa Korona. Waliopanda kwa furaha wakajikuta wamefungiwa vyumbani, wakingoja chakula mlangoni.

Basi fomu ile ilikuwa na maswali. Je, unatumia dawa gani? Je, umelazwa hospitalini? Je, kuna uchunguzi wowote wa daktari unaoungojea? Mzee alijaza kuhusu presha, jambo ambalo kila mtu alilijua. Alipofika kwenye swali la uchunguzi, akaiweka kalamu chini.

Yule kijana wake akampigia simu kutoka Uingereza. "Baba, hapo andika hapana. Ukiandika ndiyo, bei itapanda. Ni siku saba tu, nani atajua?" Mzee hakumjibu. Kesho yake alikuja kwetu na fomu ndani ya bahasha.

Wapenzi, tutawaambia kweli, kwa sababu tunawahubiria habari za kweli. Kijana alikuwa ametupigia simu sisi pia, akituomba tumtulize baba yake. Nasi hatukumkemea. Tuliiwaza ile furaha ya kanisa, tukawaza jinsi mama yule alivyokuwa akilitaja jina la Patmo kila Jumapili, tukasema moyoni, "Ni alama moja tu katika karatasi." Mchungaji wa kondoo alikuwa karibu kumwonyesha kondoo njia ya mbwa mwitu.

Mzee ndiye aliyetuokoa. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mchungaji, shida yangu si kampuni ya bima. Miezi minane iliyopita daktari aliniambia moyo wangu una kasoro, nirudi nikapimwe. Sikurudi. Na Mama hajui."

Sasa mnaona, ndugu zangu. Tulidhani tunazungumza habari za bei ya bima, kumbe tunazungumza habari za nyumba. Yule mzee alikuwa amelala kando ya mkewe miezi minane na siri ile kati yao. Karatasi isiyo na dini ilimwuliza swali ambalo sisi, mchungaji wake tuliyempa Meza ya Bwana kila mwezi, hatukuwahi kumwuliza.

Hebu tulitazame somo letu. Mtakatifu Paulo naye alikuwa msafiri wa bahari zilezile. Alikuwa mfungwa katika meli ya Iskanderia, wakiwa watu 276, na majira ya kusafiri kwa salama yalikuwa yamepita. Paulo aliwaambia wazi wakiwa Bandari Nzuri, huko Krete, kwamba safari ile itakuwa na hasara, ya shehena na ya meli, na hata ya maisha yao. Lakini akida aliwasikiliza zaidi nahodha na mwenye meli. Upepo wa kusini ulivuma taratibu, wakaona mambo yamekuwa mazuri, wakang'oa nanga. Muda si muda Eurakilo ikawashukia.

Mara nyingi ndivyo tulivyo. Hatusemi uongo siku ya tufani. Tunausema siku ambayo upepo unavuma taratibu, wakati kila kitu kinaonekana kitakwenda sawa.

Yuko ndugu mmoja katika ushirika wetu aliyesema, "Kununua bima ni kukosa imani. Mungu akikutuma, atakulinda." Maneno hayo yanasikika matamu, lakini tuyapime kwa sura hii. Malaika alisimama karibu na Paulo usiku akamhakikishia kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea. Ahadi ilikwisha kutolewa! Hata hivyo, mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua wakijifanya wanakwenda kutia nanga, Paulo huyo huyo alimwambia akida kwamba hawa wasipobaki, ninyi hamtaokoka. Paulo aliiamini ahadi, na bado aliwataka mabaharia wabaki. Aliwahimiza watu wale chakula, wapate nguvu. Na aliyekuwa pamoja naye safarini, akiandika habari hizi, ni Luka, ambaye Paulo anamwita tabibu mpendwa. Mtu wa imani alisafiri pamoja na daktari.

Tena Biblia haifichi kwamba watumishi wa Mungu huugua wakiwa safarini. Trofimo aliachwa Mileto akiwa mgonjwa, na Mileto si mbali na Efeso, huko huko walikotaka kwenda mzee wetu na mkewe. Epafrodito aliugua karibu ya kufa. Paulo aliyaandika mambo haya wazi katika nyaraka zake, akaacha makanisa yayasome. Hakuona haya kwamba mwenzake ni mgonjwa.

Na kuhusu ile alama moja katika karatasi, hata watu wa sheria wanajua uzito wake. Mwaka 1766 jaji mmoja wa Uingereza, Lord Mansfield, alieleza katika hukumu yake kwamba mapatano ya bima husimama juu ya nia njema, kwa sababu mmoja anajua mambo ambayo mwenzake hawezi kuyajua asipoambiwa. Anayeficha jambo kubwa aweza kuona bima yake imekuwa karatasi tupu siku anapoihitaji. Tena bima ni kapu moja ambalo wengi hutia kidogo kidogo, ili aliyepatwa achukuliwe mzigo wake. Anayedanganya anapotia mkono katika kapu hilo anamwibia jirani ambaye hajawahi kumwona.

Mwajua ilivyokuwa baadaye? Jioni ile tulikwenda na mzee nyumbani kwake. Akamwambia mkewe mbele yetu. Mama yule alilia sana. Lakini alichokililia si ule ugonjwa. Alisema, "Baba wa watoto, miaka 50 nimekupikia, nimekuuguza, nimezika nawe mtoto. Hili ndilo ulioona siwezi kulibeba?" Sisi tulitazama chini.

Wakaijaza fomu upya, wote wawili, kila swali kwa kweli. Nasi tungependa kuwaambia kwamba mambo yalikwenda vizuri. Hayakwenda. Kampuni ya kwanza ilikataa. Ya pili ilikubali kwa bei ambayo watoto hawakuweza kuilipa, na tena bila kuugusa ule moyo mpaka uchunguzi ufanyike. Tarehe ya malipo ya mwisho ikafika uchunguzi haujakwisha. Safari ikavunjika, arabuni ikapotea, na yule kijana akakasirika nasi kwa muda mrefu. Kusema kweli kuna gharama, wapenzi, na mhubiri anayewaambia haina gharama anawauzia meli iliyotoboka.

Lakini wiki ile ile mama alimshika mzee mkono wakapanda matatu pamoja kwenda kumwona daktari. Akapimwa. Akapewa dawa na masharti, na mama ndiye mlinzi wa masharti hayo mpaka leo. Siku ya jubilei yao walipofika, kwa ruhusa ya daktari walipanda treni wakaenda Mombasa, wakavuka kivuko cha Likoni kwa miguu, kwenda na kurudi, mara mbili. Mzee anapenda kusema kwamba ile ndiyo meli yao, na kwamba hakuna aliyemwuliza habari za moyo wake, ila mama, ambaye alimwuliza kila baada ya dakika tano.

Ndugu msikilizaji, labda hutapanda meli ya kitalii kamwe. Lakini iko fomu mbele yako. Labda daktari amekuuliza swali ukajibu nusu. Labda mkeo au mumeo anakuuliza kila jioni, "U mzima?" nawe unasema, "Mzima," na siyo. Labda ni Bwana mwenyewe anayekuuliza, kama alivyomwuliza yule mgonjwa kando ya birika la Bethzatha kama anataka kuwa mzima. Mungu anakijua unachokificha. Hahitaji kuarifiwa. Anataka wewe uache kukibeba peke yako.

Na kwa habari ya arabuni, wale wazee waliipoteza yao. Lakini Mtakatifu Paulo analitumia neno hilo hilo anapowaandikia Waefeso, wenyeji wa mji ule ambao wazee wetu hawakuuona. Anasema Roho Mtakatifu ni arabuni ya urithi wetu. Hiyo haipotei kwa sababu ya ugonjwa, wala haikataliwi kwa sababu umesema kweli. Ilitolewa kwa watu ambao mwenye kutoa alizijua kasoro zao zote tangu mwanzo.

Katika Litania ya Kitabu chetu cha Sala, wasafiri wa nchi kavu na wa majini wanaombewa pamoja na wagonjwa, katika ombi moja. Nasi tuwaombee hivyo.

Tuombe. Ee Bwana, uliyekuwa pamoja na mtumishi wako Paulo katika tufani, uwe pamoja na wote walio safarini leo, baharini, angani na barabarani. Uwaponye wagonjwa, uwape hekima madaktari na wauguzi. Utupe ujasiri wa kusema kweli tunapoulizwa, na upole wa kuwapokea wanaotuambia kweli. Utusamehe sisi wachungaji tulionyamaza ilipotupasa kusema. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.