Kazi Itafutwe kwa Uwazi, Si kwa Kimemo

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na wanafunzi wa vyuo. Tunaichapa kwa ajili ya wasomaji wetu wenye vijana wanaotafuta kazi, na wale wenye kazi za kuwapa.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Wanachama, nanyi vijana wetu wa vyuo,

Nimeombwa niseme juu ya kutafuta kazi. Sikuja kuwafariji vijana kwa maneno matamu, wala sikuja kuwagombeza. Kijana anayerudi nyumbani jioni bila jibu, viatu vimejaa vumbi na bahasha yake ya vyeti iko kwapani, hahitaji maneno matamu. Tena hahitaji kuitwa mvivu. Anahitaji njia iliyo wazi. Hilo ndilo nitakalolisema leo, na sehemu kubwa ya maneno yangu itawahusu watu wazima waliomo humu, wenye ofisi na funguo za ofisi.

Kwanza tuitazame hali ilivyo. Mwaka 1961 chuo kikuu chetu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wake hawakufika 20. Siku zile kazi ndiyo iliyokuwa ikimtafuta mtu. Wakoloni walikuwa wanaondoka, viti vilikuwa vitupu, na nchi ilihesabu wasomi wake kwa vidole. Aliyemaliza masomo alijua anakokwenda kabla hajavua joho.

Siku zile zimepita. Hatukushindwa, ndugu zangu. Tumesomesha watoto wengi, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini viti havikuongezeka kwa mwendo ule ule. Mwezi Juni mwaka 2014 watu zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, na maombi yaliyofika yalizidi 135,000. Gawanyeni wenyewe. Ni zaidi ya watu 80 kwa kiti kimoja.

Tena upepo haushiki upande mmoja. Mwaka 2016 ajira mpya za Serikali zilisimamishwa ili wafanyakazi hewa wahakikiwe. Mwaka 2020 vyuo vilifungwa kwa maradhi ya korona, na waliokuwa karibu kumaliza wakabaki nyumbani. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na watu waliokuwa wakifanya kazi katika miradi ya afya, wenye shahada na uzoefu, wakajikuta nje. Nao wamejiunga na msururu ule ule anaopanga mtoto wako aliyemaliza jana. Mambo haya hayakuamuliwa na kijana yeyote. Basi aibu ya kukosa kazi isiwe juu ya kijana.

MAJIBU MAWILI YASIYOTOSHA

Kuna majibu mawili tunayowapa vijana, na yote mawili hayatoshi.

Jibu la kwanza ni kusema: “Ngoja, Serikali itaajiri.” Itaajiri, ndiyo, lakini haitaajiri wote. Mwenye kungoja tu ataota mvi barazani.

Jibu la pili ni kusema: “Jiajiri.” Neno hili linapendwa sana na watu wanaopokea mshahara kila mwisho wa mwezi. Kujiajiri ni jambo jema. Lakini kunataka ujuzi wa mkono na kunataka mtaji. Kijana hujifunza wapi ujuzi huo kama hakuna anayemruhusu kushika chombo? Na mtaji je? Sheria inazitaka halmashauri zetu zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ukimwambia kijana ajiajiri, mwonyeshe na mlango wa fedha hizo. Ukimwambia neno bila mlango, umemfukuza kwa adabu.

MLANGO WA WIKI NANE

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Kila mwaka, masomo yakisimama katikati ya mwaka, maelfu ya wanafunzi hutoka vyuoni kwenda kufanya mafunzo ya vitendo, ambayo wenyewe huyaita fildi. Kwa wengi ni wiki nane hivi. Watu wazima huyadharau mafunzo haya. Huyaona ni usumbufu wa kusaini karatasi za chuo. Nasema kwamba wiki nane hizi, kwa kijana wa makabwela, ni mlango wa kwanza, na mara nyingine ni mlango pekee. Mtoto wa mkubwa amezaliwa ndani ya ofisi. Anajua jinsi watu wanavyozungumza humo, jinsi barua inavyoandikwa, nani anauliziwa nini. Mtoto wa mkulima wa Namtumbo hana hayo. Atayapata wapi, kama si katika wiki hizo nane?

Halafu tunamtangazia kazi na kuandika: “Awe na uzoefu wa miaka mitatu.” Ni sawa na kumwambia kijana wa pwani asipande ngalawa mpaka awe nahodha.

Na nafasi hizi za mafunzo hugawiwaje? Hapa ndipo penye donda. Nafasi nyingi hazitangazwi. Barua ya mwanafunzi asiye na mtu hulala juu ya meza mpaka chuo kinafunguliwa. Lakini simu moja ya mjomba, au kimemo kimoja kutoka kwa mkubwa, hufungua mlango asubuhi ile ile. Ndugu Wanachama, tusidanganyane. Vimemo hivi haviandikwi na mizimu. Vinaandikwa na watu. Baadhi yao wana kadi za Chama mifukoni.

Mtu atasema: “Nimemsaidia mtoto wa ndugu yangu tu, kosa liko wapi?” Nitamwambia. Kimemo kimoja kinadhulumu watu watatu. Kinamdhulumu yule aliyestahili akakosa. Kinaidhulumu ofisi, maana inapokea mtu isiyemjua wala haikumpima. Na kinamdhulumu hata huyo mtoto wa ndugu yako, maana amefundishwa tangu siku ya kwanza kwamba kazi ni zawadi ya mkubwa, na mwenye kupewa zawadi hawezi kumwambia mkubwa kwamba amekosea. Tulipigania Uhuru ili mtu asipimwe kwa rangi yake. Hatukupigania Uhuru ili apimwe kwa jina la mjomba wake.

Kuna na jambo baya kuliko hilo. Wapo wanaowadai mabinti zetu miili yao kwa ajili ya nafasi ya mafunzo au ya kazi. Hiyo ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja waziwazi kuwa ni kosa. Mwanachama anayejua jambo hilo akanyamaza, amelinda mhalifu. TAKUKURU inapokea taarifa kwa simu namba 113, bila malipo. Binti aliyepatwa na jambo hili asiachwe aende peke yake. Mama zetu wa tawi wafuatane naye.

KWENU WENYE OFISI

Kwa hiyo nawaomba wanachama wenye ofisi, karakana, maduka, viwanda, shule na vyama vya ushirika mambo manne.

La kwanza, tangazeni nafasi. Hata zikiwa mbili, bandikeni karatasi ukutani na mpeleke habari vyuoni.

La pili, jibuni barua. “Hatuna nafasi” ni jibu. Kijana akilipata leo, kesho atakwenda kwingine. Ukimya unamla siku zake bure.

La tatu, mkishampokea mpeni kazi. Kijana wa uhasibu asimalize wiki nane akitumwa chai na maandazi. Mpeni daftari la hesabu, mkae naye, mkosoe kazi yake. Na mkiweza, mpeni nauli. Kijana anayepanda daladala mbili kila asubuhi ili awatumikie bure anawachangia ninyi, si ninyi mnaomchangia yeye.

La nne, akiondoka mpeni barua ya kweli inayoeleza alichokifanya. Msisifu uongo, wala msinyime haki.

KWENU VIJANA

Sasa nageukia vijana. Msidhani nimewasahau kwa kuwalaumu wakubwa tu.

Anzeni mapema. Nafasi ya Julai haitafutwi mwezi Juni. Barua yenu iwe ukurasa mmoja, iseme ninyi ni nani, mnasoma nini, mnajua kufanya nini, na mnataka kujifunza nini katika ofisi ile hasa. Barua moja iliyonakiliwa na kupelekwa ofisi 50 husomwa kama tangazo la mganga.

Msisongamane Dar es Salaam. Nchi hii ina halmashauri kila upande, ina vyama vya ushirika vya mazao, ina hospitali za wilaya, ina karakana ndogo na wajasiriamali wanaolelewa na SIDO. Katika ofisi kubwa utapewa kiti kwenye kona. Katika ofisi ndogo yenye watu wanne utashika kila kitu, kwa sababu hakuna mwingine wa kukishika.

Jiandikisheni kwenye njia za halali. Kazi za Serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na maombi hupitia mtandao wake wa Ajira Portal. Kujiandikisha ni bure. TaESA inawaunganisha watafuta kazi na waajiri, na huwapeleka wahitimu kwenye utarajali ili wapate huo uzoefu wanaodaiwa. Ukifaulu usaili wa Sekretarieti na nafasi zikawa zimejaa, jina lako linaweza kuwekwa kwenye kanzidata na ukaitwa baadaye. Kwa hiyo usaili si mchezo wa bahati nasibu. Jiandae.

Jihadharini na matapeli. Anayekuomba fedha ya fomu, fedha ya vipimo au fedha ya “kumwona mkubwa” hana kazi ya kukupa. Kazi yake ni wewe. Wala msighushi vyeti. Mwaka 2017 uhakiki wa Serikali uliwakuta watumishi zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi, na wengine walikuwa wamekwisha fanya kazi miaka mingi. Miaka yote ile iliyeyuka siku moja.

Ijueni sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi yako: kazi yenyewe, mahali pake, saa zake na malipo yake. Usione haya kuyauliza. Mwajiri mwema hakasiriki. Na kumbukeni kwamba aliyesomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, akiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Fedha hiyo si adhabu. Inamsomesha mdogo wako. Lakini ihesabu kabla hujapanga chumba.

Na jambo la mwisho kwenu: acheni kufichana. Nimesikia kwamba kijana akiona tangazo la kazi hulificha mpaka siku ya mwisho ipite, asije mwenzake akampita. Ndugu zangu, katika watu 135,000, ukimficha rafiki yako mmoja umepunguza nini? Umepoteza rafiki, na washindani wako wamebaki 134,998. Lakini vijana kumi wanaopeana habari wana macho ishirini. Vijana kumi wanaoulizana maswali ya usaili jioni wamefanya usaili mara kumi kabla ya siku yenyewe.

DAFTARI LA TAWI

Nimalizie na pendekezo, Ndugu Mwenyekiti, kwa sababu mkutano usioacha kazi ya kufanya ni ngoma tu.

Kila tawi liwe na daftari moja lenye pande mbili. Upande mmoja yaandikwe majina ya vijana wetu wanaotafuta mafunzo au kazi, na kila mmoja anajua nini. Upande wa pili ziandikwe sehemu za kazi zilizomo katika eneo letu, na nani ameahidi kupokea vijana wangapi. Daftari hilo lisiwekwe kabatini. Liwekwe mezani, na mtu yeyote alisome, awe na kadi au asiwe na kadi. Maana tukiligeuza kuwa daftari la wenye kadi peke yao, tutakuwa tumeandika kimemo kikubwa kuliko vyote.

Daftari halitaumba kazi 135,000. Hilo nalijua. Kuumba kazi kunataka viwanda, kilimo chenye faida na mipango ya nchi nzima, na Chama lazima kiendelee kuidai mipango hiyo bila kuchoka. Lakini kazi chache zilizopo, na wiki nane zilizopo, tunaweza kuzigawa kwa haki kuanzia Jumatatu. Hatuhitaji msaada wa mtu yeyote kutoka nje ili tuache kuandika vimemo.

Vijana, tafuteni kwa bidii, tafuteni pamoja, na msiiname mbele ya mtu. Wakubwa, fungueni milango, kisha mwondoke pale mlangoni.

Uhuru na Kazi!