Stesheni ya Kinyangiri: Reli Iliyofika Ikaondoka



Historia ya Usharika wa Kinampanda haitengani na historia ya nchi ya Iramba. Kwa sababu hiyo yafaa, katika Jubilii hii, kuikumbuka stesheni ya Kinyangiri, ambayo vijana wengi hawajui kwamba iliwahi kuwapo.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, ikipitia Manyoni na kuiacha Iramba mbali kaskazini. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza ilijenga tawi kutoka Manyoni, kupitia Singida, hadi Kinyangiri, mwendo wa kilomita 150 hivi. Ilitumainiwa kwamba mazao ya wakulima yangejaza mabehewa. Lakini bei za mazao zilikuwa zimeanguka duniani pote tangu mwaka 1929, na mizigo haikutosheleza gharama. Katika miaka ya 1940 njia ilifungwa na reli zikang'olewa.

Baada ya Uhuru, serikali ilijenga upya njia ya Manyoni hadi Singida, kilomita 115 hivi, kazi iliyokamilika katika miaka ya 1990. Njia hiyo iliishia Singida. Kinyangiri, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Mkalama, haikurudishiwa stesheni yake.

Tusiwalaumu wakulima wa Iramba kana kwamba walishindwa kuitunza reli. Haikuwa yao. Ilipangwa, ikahesabiwa na kuondolewa na watu wa mbali, na waliokaa mwisho wa njia hawakuwa na sauti katika hesabu hizo.

Hapa Kinampanda Kanisa lilianza kazi ya namna nyingine, yaani kuwaandaa walimu. Chuo cha ualimu kilichopo leo ni cha serikali, lakini matunda ya kazi ile hayakuondoka pamoja na mwenye kuimiliki, kwa maana elimu ilikwisha kuingia ndani ya watu wenyewe.

Basi Usharika unapoingia karne ya pili, na ujiulize juu ya kila jengo na kila mradi: je, hesabu imefanywa pamoja na wale wanaokaa mwisho wa njia? Kisichokuwa chao kitang'olewa siku moja, nao watabaki wakitazama tu.