Kanda za Mikutano Yetu na Tundu Lisilokuwapo

(Mazungumzo mbele ya makatibu wa vyama vya wilaya ya Ilala)



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo ambalo kwa kulitazama mara moja laweza kuonekana dogo: namna ya kuunganisha kamera ya video na kompyuta mpakato isiyokuwa na tundu linaloifaa kamera hiyo. Nimekubali kwa sababu jambo hili limekwisha kuvigharimu fedha baadhi ya vyama vyetu, na tusipoangalia litavigharimu kitu kikubwa kuliko fedha, yaani kumbukumbu zao. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi sehemu ya daftari letu imo katika kanda za video.

Naomba niwape kisa. Chama kimoja cha akiba na mikopo katika wilaya yetu kilifanya mkutano mkuu mwaka 2006, na humo wanachama wakaamua juu ya kiwanja chao. Mpiga picha wa harusi alikodiwa aupige mkutano wote kwa kamera ya kanda ndogo ziitwazo MiniDV. Muhtasari wa maandishi uliharibiwa na mafuriko ya Desemba 2011. Baadaye ukazuka ugomvi: je, wanachama walikubali kiwanja kiuzwe au kikodishwe? Kanda ilikuwapo kabatini, kamera ilikuwapo, na kompyuta mpya ya ofisi ilikuwapo. Kilichokosekana ni tundu.

Katibu wa chama nami tukaenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Katika duka moja tukauziwa waya wenye kichwa kidogo cha kuingia kwenye kamera upande mmoja, na kichwa cha USB upande wa pili. Waya uliingia sawasawa pande zote mbili, lakini kompyuta haikuona kitu. Tukanunua wa pili, kisha wa tatu. Fedha za wanachama zikaenda, na kosa lile ni langu pia, kwa kuwa nilikuwapo na sikuuliza swali lililopasa kuulizwa.

Swali lenyewe ni hili: je, vyombo hivi viwili vinaelewana? Waya kuingia tunduni si hoja. Watu wawili waweza kushikana mikono na bado kila mmoja akasema lugha yake.

Kamera za MiniDV, zilizoanza kuuzwa mwaka 1995, hutoa picha kwa njia iitwayo FireWire, ambayo kampuni ya Sony iliipa jina la i.LINK, kwenye kamera nyingi tundu lake limeandikwa DV. Njia hii haifanyi kazi kama USB. Katika FireWire kamera huzipeleka picha mfululizo, bila kungoja kuulizwa. Katika USB kompyuta ndiyo inayouliza, na chombo hujibu. Waya mtupu hauwezi kutafsiri mambo hayo. Tena upo hatari: tundu kubwa la FireWire, lenye sindano sita, laweza kutoa umeme wa volti hata 30, ambapo tundu la kawaida la USB hutumia volti 5. Waya unaolazimisha matundu hayo mawili kukutana waweza kuunguza chombo. Kwa hiyo, Ndugu Makatibu, waya wa FireWire kwenda USB usiokuwa na mtambo wowote ndani yake msiununue, hata ukiwa rahisi namna gani.

Huenda mtu akasema, mbona kamera yangu ina tundu la USB pia? Ni kweli, lakini katika kamera nyingi za kanda tundu hilo hutoa picha za mnato tu zilizomo katika kadi, au video ya hali duni.

Kwa nini basi kompyuta mpya hazina tundu la DV? Watengenezaji waliliacha polepole. Kampuni ya Apple, iliyokuwa mstari wa mbele kuieneza FireWire, iliiondoa katika MacBook yake mwaka 2008, na mfumo wake wa macOS Tahoe wa mwaka 2025 umeacha kabisa kuihudumia. Kwa hiyo mlango huu unazidi kufungwa, na anayengoja mwaka ujao atapata taabu zaidi ya aliyeanza leo.

Sasa tutazame njia zinazofaa, kwa kufuata aina ya kamera.

Kwanza, kamera inayohifadhi picha katika kadi. Hiyo haihitaji waya wa video. Toeni kadi, itieni katika kisoma kadi chenye kichwa cha USB, kisha nakilini picha kama mnavyonakili barua.

Pili, kamera yenye tundu la HDMI. Wengi huchukua waya wa HDMI wakaunganisha kamera na tundu la HDMI la kompyuta, wakashangaa kuona kimya. Tundu lile la kompyuta ni la kutoa picha kwenda kwenye televisheni, halipokei. Hapa chahitajika kifaa cha kunasa picha, ambacho hupokea HDMI upande mmoja na kuingia USB upande mwingine. Kifaa hiki ndicho kinachofaa pia chama kinapotaka kurusha mkutano mtandaoni.

Tatu, kamera ya MiniDV. Njia bora ni kutafuta kompyuta ya zamani yenye tundu la FireWire, au kompyuta ya mezani inayoweza kutiwa kadi yake. Katika maduka ya kompyuta zilizotumika bado zapatikana. Kanda husomwa kwa mwendo wake: mkutano wa saa moja huchukua saa moja, na hujaza nafasi ipatayo gigabaiti 13. Tayarisheni diski yenye nafasi kabla ya kuanza.

Nne, kamera au deki ya zamani zaidi, kama vile ya kanda za VHS. Hizi hutoa picha kwa nyaya tatu za rangi, njano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti. Kipo kifaa kidogo cha kunasa picha kinachozipokea nyaya hizo na kuingia USB. Hata kamera ya MiniDV yaweza kupitishwa hapa ikishindikana njia ya tatu. Ubora wa picha utapungua, lakini maneno yatasikika, na katika mkutano mkuu maneno ndiyo yenye thamani kubwa.

Mnapokwenda dukani, chukueni kamera na kompyuta zote mbili, na jaribuni mbele ya muuzaji mpaka picha ionekane kwenye kioo. Msilipe kabla ya kuiona. Tena kanda yenye ukungu mweupe msiitie katika kamera, kwani huchafua kichwa cha kusomea. Mpelekeeni fundi kwanza.

Nirudi kwenye kisa changu. Mwishowe tulipata kompyuta ya zamani kwa fundi mmoja, na waya wa FireWire halisi. Wajumbe wa kamati wa pande zote mbili za ugomvi walikaa wakasikiliza. Dakika za mwanzo ziliharibika kwa ukungu, hazikusikika. Lakini azimio lilisikika waziwazi: kiwanja kikodishwe, kisiuzwe. Mmoja wa waliodai kwamba kilikubaliwa kuuzwa alijisikia mwenyewe akiunga mkono kukodisha. Alicheka, akanyosha mkono, na shauri likaisha bila kwenda mahakamani. Kama ukungu ungalifika dakika ile, sijui chama kile kingalikuwa wapi leo.

Ndugu Wanaushirika, si lazima kila chama kinunue kompyuta ya zamani na vifaa vyake kwa kazi ya siku mbili. Napendekeza vyama vichangie seti moja, yaani kompyuta moja yenye FireWire, kifaa kimoja cha kunasa picha na diski, iandikwe katika daftari la mali na kuazimwa kwa zamu. Kila chama kihesabu kanda zake, kiandike tarehe na agenda ya kila moja, kianze na zile zenye maazimio ya mali na mikopo. Nakala ziwe mbili, na zikae mahali pawili mbalimbali. Moto ulioteketeza soko kuu la Kariakoo Julai 2021 ulitukumbusha kwamba kilichowekwa mahali pamoja hupotea kwa pamoja.

Wanachama walisema neno lao mbele ya kamera wakiamini kwamba limehifadhiwa. Kazi yetu makatibu ni kuhakikisha kwamba imani hiyo haikuwa bure.