Mbwa Akikataa Chakula Anachokipenda



Kila boma lenye mbwa au paka linajua mnyama wake anapenda nini. Kuna mbwa anayekula ugali mkavu bila shida, na kuna anayeusubiri hadi umwagiwe supu. Mwingine huchambua githeri, akala maharagwe na kuacha mahindi. Paka naye hupita bakuli la uji na kwenda kukaa karibu na nyama. Hayo si madeko. Ulimi wa paka hauhisi utamu wa sukari, na mwili wake hauwezi kukaa bila nyama au samaki. Mbwa ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, hivyo tumbo lake limezoea wanga. Hata hivyo, ugali pekee haumtoshi. Aongezewe dagaa, yai au mabaki ya nyama iliyopikwa.

Lakini mnyama kupenda kitu hakumaanishi kwamba kinamfaa. Makadamia yamejaa katika mashamba ya kaunti za Meru na Embu, na mbwa akila kokwa zake huweza kutapika, kutetemeka na kulegea miguu ya nyuma kabla ya saa 12 kuisha. Vitunguu huharibu damu ya mbwa na paka, kwa hiyo githeri ya mbwa itengwe kabla ya kukaangwa. Mahindi yaliyoota ukungu asipewe pia. Sumukuvu iliyoua watu 125 mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na maeneo jirani huua mbwa vilevile, na kuchemsha hakuiondoi. Matumbo na maini mabichi kutoka kichinjioni humwambukiza mbwa minyoo ya tegu, na mayai ya minyoo hiyo huweza kumfikia mtoto anayecheza naye.

Jambo kubwa zaidi ni hili: mbwa akikataa ghafla chakula anachokipenda, mwenyewe asipuuze. Huenda ana minyoo au jino bovu. Lakini iwapo pia anatokwa na mate, taya limelegea, anashindwa kumeza, sauti imebadilika au amekuwa mkali kuliko kawaida, huenda ni kichaa cha mbwa. Wengi hudhani amekwama mfupa kooni, wakaingiza mkono mdomoni kuutoa. Mkono huo usiingie. Virusi vya ugonjwa huu vimo katika mate, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Afungiwe mahali pasipo watu, kisha afisa wa mifugo wa wadi aitwe.

Aliyeumwa, aliyekwaruzwa au aliyelambwa kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo. Asisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Kinga ni rahisi kuliko matibabu. Mbwa na paka wachanjwe wakifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, lakini ambaye mnyama wake hajachanjwa hana haja ya kuingoja. Kwa sasa, kila anayelisha mbwa jioni asimame kidogo amwangalie akila.