Jembe la Jirani: "Borrow" au "Lend"?

 Wazazi, msiondoke redioni. Jambo la leo linawahusu watoto wenu.

Mwanafunzi amesahau kalamu. Anamgeukia mwenzake: "Borrow me your pen." Asichekwe. Kosa hili limetoka katika Kiswahili chetu, ambamo kuazima hutembea pande zote mbili: nimeazima jembe kwa jirani, na jirani ameniazima jembe. Kiingereza hakikubali hivyo. Anayepokea hufanya "borrow", anayetoa hufanya "lend". Kwa hiyo mtoto aseme "Lend me your pen", au "May I borrow your pen?" Afikirie lile jembe: likija kwake ni "borrow", likitoka kwake ni "lend". Kwenye pesa hatupotei sana, maana kukopa na kukopesha tumeshavitenganisha wenyewe.

Jozi nyingine ni "steal" na "rob". Hapa Kuria Mashariki, mpakani, wizi wa mifugo ni kidonda cha miaka mingi, basi mfano tunao. Ng'ombe huibwa, hiyo ni "steal". Mwenye ng'ombe huibiwa, tena mara nyingi kwa nguvu au vitisho, hiyo ni "rob". Hakuna "they robbed my cow", kwa sababu ng'ombe hakunyang'anywa kitu. Aliyenyang'anywa ni mzee wa boma.

Walimu, kesho chukueni jembe halisi darasani. Lipite mkono kwa mkono, na kila mtoto ataje kitenzi chake kwa sauti.